Majina ya Mzee Ndani ya Simu Yangu

Baba mkwe wangu alikuwa polisi. Alishuka Kampala kutoka kaskazini baada ya vita vya themanini na sita kwisha, akapangiwa nyumba za polisi za Nsambya, na hapo yeye na mkewe wakamlea binti yao wa pekee, ambaye baadaye nilimwoa. Alipostaafu walitoka katika nyumba ya serikali wakapanga vyumba viwili chini ya kilima hichohicho cha Nsambya, kwa sababu mama mkwe hakutaka kuhamia mahali ambapo asingesikia kengele ya misheni asubuhi. Hawakukaa humo sana kabla mama mkwe hajafariki.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Busia. Nilivuka mpaka nikiwa kijana kuja kufanya kazi katika kampuni ya mikate, na kazi hiyo ndiyo iliyonizungusha Kampala nzima hadi nikayajua maduka yake moja moja. Mimi na Mzee tulizungumza Kiswahili kwa kuwa hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja. Changu kilikuwa cha shule, chake cha kambi. Lakini tatizo letu halikuwa lugha. Kwao, kama kwetu, mkwe hamzoei baba wa mke wake. Nilikuwa nikifika tunasalimiana, tunaulizana habari za kazi na za mvua, kisha mke wangu anachukua mazungumzo na mimi nabaki nikitazama kalenda ukutani.

Mwaka mmoja hivi baada ya msiba, simu ya Mzee ilianza kufa. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, betri imeshikiliwa kwa mpira wa kufungia noti. Mke wangu akasema sasa baba yake apate simu ya kioo, awe anaona picha za wajukuu. Tukainunua, na Jumamosi moja nikapewa kazi ya kuitayarisha. Nilikaa naye mezani, karibu kuliko nilivyowahi kukaa naye, nikahamisha laini yake, nikawasha. Simu ikataka barua pepe.

"Mzee, una barua pepe?"

"Mimi sina barua. Mutu akitaka mimi anapiga."

Nilifikiria kumfungulia akaunti mpya, nikaona atasahau neno la siri kabla sijafika nyumbani. Nikaweka ya kwangu. Nikayatoa majina yote yaliyokuwa kwenye laini, nikayahifadhi kwenye akaunti hiyo ili hata simu ikipotea yasipotee. Mzee alifurahi kusikia hivyo. Niliondoka nikiona nimemaliza kazi vizuri.

Jumatatu asubuhi, nikiwa nasubiri gari lipakiwe mikate, nilifungua simu kumtafuta mteja na nikakuta watu nisiowajua. Koplo Mrefu. Koplo Mrefu Ndugu Yake. Padre wa Zamani. Mganga Meno. Askari Alikufa. Mwenye Nyumba Mkali. Walikuwa wamejipanga kati ya wateja wangu kama watu waliokuja harusini bila kadi. Nilielewa mara moja nilichokuwa nimefanya: simu mbili, akaunti moja, kitabu kimoja cha majina. Alichoandika yeye kingekuja kwangu, na nilichoandika mimi kingekwenda kwake, bila yeyote kati yetu kubonyeza kitu.

Kabla sijapanga la kufanya, simu ikaita. Kwenye kioo palikuwa na maandishi: Mtoto Wangu. Nilishtuka, maana watoto wangu walikuwa bado wadogo mno kuwa na simu. Nikapokea, na nikasikia sauti ya mke wangu ikiniuliza kama nimelipa maji. Simu ilikuwa imegundua kwamba "Mke" wangu na "Mtoto Wangu" wa Mzee wana namba moja, ikawaunganisha, na ikachagua jina la Mzee. Nilipomweleza mke wangu alicheka mpaka akasahau habari za maji. "Acha hivyo hivyo," akasema. "Angalau unitunze kama mtoto."

Nilikusudia kwenda kuzitenganisha zile simu wiki hiyo. Sikwenda. Sababu ni kwamba Mzee alianza kunipigia.

"Mukwe, mimi napiga fundi wa viatu, inashika mutu wa gari. Anasema injini yako bado."

Nilimweleza kwamba huyo ni fundi wangu wa gari, naye pia nimemwandika "Fundi" tu. Akasema kuandika mtu "Fundi" ni kama kuandika "Mutu" katika taarifa ya polisi. Jioni nikakuta kwenye simu yangu pameandikwa Fundi Gari ya Mukwe, na chini yake Fundi Viatu Karibu na Reli. Kuanzia hapo Mzee aliyachukua majina yale yote, yake na yangu, kama lindo alilopangiwa. Alijaza zile nafasi ambazo watu wengine huziacha wazi: mahali mtu anapokaa, kazi yake, siku yake ya kuzaliwa. Mtu akibadilisha laini, Mzee alibadilisha siku hiyohiyo. Alinipigia kuniuliza nani ni Duka Kabalagala Chini na kwa nini hana jina la mtu. Mimi nikaanza kuwauliza wateja majina yao kwa sababu ya maswali yake, na wengine walishangaa, maana nilikuwa nimewauzia mikate miaka bila kuuliza.

Hivyo tukapata la kuzungumza. Sikuwahi kumwambia mke wangu kwamba nilizingoja simu zile, lakini nilizingoja.

Miongoni mwa majina yaliyokuja kwangu lilikuwamo la mama mkwe. Mzee alimwandika Mama Yao, na mbele ya jina palikuwa na alama ya nyota, ile ambayo simu inakuruhusu kuwawekea watu wa karibu. Nyota zilikuwa mbili tu: Mama Yao na Mtoto Wangu. Sikuigusa namba ile. Nilipokuwa nikitafuta majina yanayoanza na M nilipita juu yake haraka, kama mtu apitaye mbele ya mlango wa chumba cha mgonjwa.

Mke wangu alimfundisha Mzee kutumia programu ya kutumiana ujumbe na picha, ile inayoonyesha sura ya kila mtu kando ya jina lake. Siku chache baadaye Mzee alinipigia mchana, saa ambayo hapigi.

"Mukwe, uko wapi?"

"Niko Lubaga, Mzee, nashusha mikate."

"Hapana shida. Ukimaliza, pita."

Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti, simu imelala mapajani. Akanipa. Kwenye kioo lilikuwapo jina la Mama Yao, na kando ya jina, ndani ya kile kiduara kidogo, mwanamume mwenye ndevu amesimama mbele ya lori la matofali, kidole gumba juu.

"Huyu mutu anafanya nini hapa?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Nilimweleza polepole. Laini isipotumika kwa muda mrefu, kampuni ya simu huichukua namba na kumuuzia mtu mwingine. Huyu mtu amenunua laini kama anavyonunua yeyote, ameweka picha yake, na simu inamleta yeye kwa sababu inajua namba tu. Haijui kwamba mwenyewe amebadilika.

"Mimi nilipiga," akasema Mzee.

"Akashika?"

"Ilishika. Akasema, 'Nani?' Nikasema mimi natafuta mama. Akasema, 'Mzee, raini hii niriinunua dukani, mimi ni mutu wa matofari, niko Rubaga.' Mutu wa adabu. Akaniuliza mama yuko mugonjwa? Nikasema hapana. Nikamwambia pole kwa kusumbua."

Tukakaa. Mwenye nyumba alipita na ndoo, akatusalimia, tukaitikia. Nilimuuliza kama nimfutie ile namba. Akasema hapana, na akaniomba nisimwambie binti yake, maana angeumia. Nikakubali. Nikamuuliza kama amekula. Akasema hajala, tukala pamoja ndani, ndizi zilizobaki za jana yake, na ilikuwa mara ya kwanza kula naye tukiwa wawili tu.

Jina la fundi wa nguo lilikuja baada ya hapo. Mzee alikuwa amepungua sana tangu msiba. Suruali zake alizikunja kiunoni kwa mkanda kama gunia. Mtu alimwelekeza Kansanga, kwa mwanamke aliyeshona sare za shule kwenye baraza ya duka, barabara ya Ggaba. Nikaona kwenye simu: Fundi Nguo Kansanga. Sikulifikiria. Baada ya muda likawa Mama Nguo Kansanga. Kisha nafasi ya kazi ikajazwa: anashona, mashine mbili. Nafasi ya nyumbani: Arua. Nikajua pia kwamba alikuwa mjane wa mwanajeshi, kwa kuwa Mzee aliandika hivyo mahali pa maelezo, na chini yake akaongeza: Asipigiwe Ijumaa mchana, yuko msikitini.

Yale maneno ya mwisho niliyasoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mafuta, na nikarudia kuyasoma. Mzee alikuwa Mkatoliki wa kuvaa rozari. Lakini si hilo lililonishika. Mtu haandiki saa za ibada za fundi wake wa nguo.

Wiki zilivyokwenda, jina likafupika. Likawa Mama Kansanga. Na asubuhi moja, nikitafuta namba ya dereva, nikaona nyota ya tatu.

Nilitaabika na ile nyota. Mke wangu alikuwa bado na kanga ya mama yake chini ya mto. Nikimwambia, ningekuwa nimempeleleza baba yake na kumtangaza. Nisipomwambia, ningekuwa nimekaa naye meza moja kila jioni nikijua jambo la nyumba yao ambalo yeye halijui. Nikaona njia ya heshima ni kumwambia Mzee kwamba simu zetu zinaonana, halafu nizitenganishe, na mengine ayaamue mwenyewe.

Nilikwenda Nsambya baada ya kazi, nikazungukazunguka na maneno ya mvua, mpaka nikasema.

"Mzee, kuna kitu sikukueleza vizuri ulipoanza na simu hii. Unachoandika kwako, na mimi nakiona kwangu. Majina yote."

Mzee aliniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyemletea habari za jana.

"Mukwe, watu yako iko ndani ya simu yangu tangu siku ya kwanza. Mutu wa mikate wa Jinja, mutu wa Mukono. Wewe unafikiri mimi sikujiuliza watu yangu imekwenda wapi? Mimi nilikuwa polisi."

"Kwa hiyo ulijua naona."

"Nilijua."

Nikahesabu kichwani yote niliyoyasoma: Arua, mashine mbili, Ijumaa mchana. Nikaelewa kwamba hakuna hata neno moja lililokuwa limeponyoka.

"Kwa mudomo ilikuwa ngumu," akasema. "Kwa mutoto wangu, ngumu sana. Kwako pia, wewe ni mukwe, mimi siwezi kukaa na wewe naongea habari ya mwanamuke. Basi nikaandika. Nikasema, huyu atasoma kidogo kidogo. Kama ni mubaya, atakuja kukasirika. Wewe hukuja."

"Sikukasirika, Mzee."

"Nimeona." Akageuza simu mkononi. "Huyu mama ni mutu muzuri. Anaongea kidogo. Jioni nakaa pale kwa baraza yake, anashona, mimi naangalia barabara. Hiyo tu. Lakini nikirudi hapa, nyumba haina kelele mubaya ile ya kukaa peke yangu."

Nilimuuliza kama anataka nimwambie mke wangu. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hiyo ni kazi yangu. Wewe niambie tu siku gani hana uchovu."

Nikamwambia Jumapili.

Alikuja Jumapili hiyo akiwa amevaa moja ya zile suruali zilizopunguzwa, imemkaa sawasawa. Mke wangu alipika kuku na malakwang, zile mboga chachu za kwao, na ufuta aliousaga mwenyewe. Tulikula vizuri. Watoto walipotoka kucheza, Mzee alianza kuzungumza na binti yake kwa Kiacholi, kisha akahamia Kiswahili, nadhani ili nami niwe shahidi.

"Kuna mama mmoja," akasema. "Yuko Kansanga."

Mke wangu aliweka sahani aliyokuwa ameishika. "Mama gani?"

"Fundi wa nguo."

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu suruali ilikuwa kubwa."

Mke wangu aliinuka akaenda jikoni. Tulisikia maji yakifunguliwa, yakikimbia bila kuosha kitu. Mzee hakunitazama, nami sikumtazama. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikaa mahali pake palepale.

"Namba ya Mama bado unayo?"

"Iko."

"Umewahi kuipiga?"

"Mara moja. Mutu wa matofali ilishika."

Mke wangu akafunika uso kwa mikono, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. Ilikuwa yote mawili. "Yule wa lori," akasema. "Mwenye ndevu. Baba, mimi nilimwona zamani. Niliona picha yake kwenye simu yangu nikanyamaza, nikasema Baba akijua ataumia."

"Mimi pia nilisema wewe utaumia."

Wakanigeukia wote wawili. "Na wewe ulijua?" mke wangu akaniuliza. "Ulijua ya lori, ulijua na ya Kansanga?"

"Nilijua," nikasema.

Alimwomba baba yake simu, akasogeza kiti chake karibu na chake, wakainama pamoja juu ya kioo. Walizungumza Kiacholi, na safari hii hawakunitafsiria. Niliondoa vyombo. Nikiwa jikoni, simu yangu ilikuwa mfukoni. Nilipoitoa nikaona walichokuwa wakifanya chumba cha pili. Ile namba ilikuwa sasa chini ya jina jipya: Mutu wa Matofali Lubaga. Na Mama Yao alikuwa bado yupo, na nyota yake, lakini nafasi ya namba ilikuwa tupu. Baada ya dakika chache ikaingia picha: mama mkwe siku ya harusi yetu, amevaa gomesi ya kijani, ameshika glasi ya soda kama mtu aliyeshikishwa kitu cha mwingine. Nafasi ya nyumbani wakaandika jina la kijiji chao, mahali alipozikwa. Nilisimama pale na taulo begani nikiiangalia simu mpaka ilipozima kioo.

Mke wangu hakukubali yote siku ile. Alikuwa mpole kwa baba yake, kwangu alikuwa mfupi wa maneno kwa siku kadhaa, na alikuwa na haki. Kansanga hakwenda. Mzee hakumsukuma. Muhula wa shule ulipokaribia, mke wangu alitoka na watoto asubuhi akisema anakwenda kupimisha sare, hakusema wapi. Walirudi jioni. Mtoto mdogo akaniambia wamekunywa chai ya maziwa yenye tangawizi kwa bibi mmoja mwenye mashine, na kwamba bibi huyo amempa vifungo. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa akifungua viatu.

"Anashona vizuri," akasema. Kisha, baada ya kiatu cha pili: "Anamjua Baba. Anajua kwamba chumvi hapendi."

Mzee na yule mama walifunga ndoa mbele ya afisa wa serikali, watu wachache, bila ngoma, kila mmoja na dini yake. Mzee alihamia Kansanga, vyumba vya nyuma ya duka. Ijumaa mchana anabaki kulinda mashine, na Jumapili asubuhi mke wake anafanya vivyo hivyo.

Simu zetu tulikuja kuzitenganisha nilipohamishiwa ofisini na kupewa simu ya kampuni. Nilimfungulia Mzee barua pepe yake, nikamhamishia majina yake, na watu wangu aliowataka akabaki nao. Hakupenda sana, lakini alielewa. Sasa akibadilisha kitu hakinifikii chenyewe. Kwa hiyo hupiga simu. Hunisomea namba polepole, tarakimu moja moja, na akimaliza ananitaka nimrudishie kuisoma. Mazungumzo yanakwenda mbali na namba. Mvua haijatajwa siku nyingi.

Juzi alinipigia kuniambia mke wake amebadilisha laini. Niliandika namba, nikamrudishia, akasema ni sawa.

"Niandike jina gani, Mzee? Bado nimeandika Mama Kansanga, ulivyoandika wewe."

Alifikiri. Nilisikia mashine ya kushona ikikimbia nyuma yake, ikasimama.

"Hiyo muulize mwenyewe," akasema, na akampa simu.

Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza naye bila mtu katikati. Alinisalimia, akaulizia watoto, akauliza kama suruali ya mkubwa bado inabana. Nikamuuliza swali langu. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye pini mdomoni.

"Andika tu Mama," akasema. "Kisha weka Kansanga, usije ukachanganya."